Juu ya Nani?

Kaa hapa, mjukuu wangu, na hiyo kompyuta iweke mezani tuitazame wote. Jambo hili tumeshaliongea, na sidhani kama leo ndiyo mara ya mwisho. Nimechoka, lakini uchovu wa mzee haujawahi kuwa sababu ya kunyamaza. Unasema kitufe kimepotea tena chini ya ramani. Nimeona ulichofanya: ulikiandikia z-index ya 10, ile namba ya CSS ya kupanga kipi kiwe juu, kikagoma, ukaandika 999, kikagoma, sasa naona 99999 na kitufe bado kimefunikwa. Najua kesho utaongeza tisa nyingine. Iache hiyo njia kabla hujaizoea.

Namba hizo zina mwisho. Vivinjari vingi vinaihifadhi z-index katika nafasi ya biti 32, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 2147483647. Wenye matangazo na wenye vile vidirisha vya kuchati wanaijua kwa moyo, wanaibandika kwenye kila kitu chao ili wasifunikwe na mtu. Sasa viweke vidirisha viwili vya namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, vyote vina 2147483647: nani atakuwa juu? Atakuwa juu yule aliyeandikwa baadaye kwenye hati. Yaani baada ya kushindana kote huko kwa tarakimu, wamerudi kwenye kanuni ambayo ingewahudumia tangu mwanzo bila tarakimu yoyote, kwamba kivinjari huchora vitu kwa zamu ya kuandikwa kwake, na cha mwisho kuchorwa kinakifunika kilichotangulia.

Usidhani nakuonea kwa sababu ya kitufe kimoja. Kama ungekuwa ukurasa wa kuuzia viatu ningekuachia ukajifunze mwenyewe. Lakini hicho kitufe ni cha kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, na ramani inayokifunika ni ya kata za mkoa huu wetu. Unajua ukurasa huu unatengenezewa watu gani. Kuna binti ambaye Desemba, shule zimefungwa, atachukua simu ya shangazi yake kwa dakika mbili tu, atafute pa kukimbilia asikeketwe, na kuirudisha. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haiwezi kumfikia mtu ambaye kijiji chake hakimo kwenye ramani, na haimsaidii mtu ambaye kitufe chake kimekaa chini ya mchoro wa kata.

Wenzako waliliona hilo la ramani mapema. Tangu mwaka 2015 watu wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap. Wanaojitolea walioko mbali wanafuatisha nyumba na njia kutoka kwenye picha za setilaiti, halafu walioko huku wanaongeza majina, maana setilaiti inaona bati lakini haijui pale panaitwaje. Mama Rhobi Samwelly na shirika la Hope for Girls and Women, wenye nyumba salama Mugumu na hapa kwetu Butiama, walizitumia ramani hizo kufika kwenye vijiji ambavyo zamani uliulizia njia kwa kila uliyekutana naye. Kwa hiyo ukiniambia kazi ya kupanga matabaka ni urembo tu wa skrini, nitakutazama tu bila kukujibu.

Haya, tuutazame ukurasa wako. Juu kabisa umeweka utepe wenye jina la mradi na kile kitufe cha 116, ukaupa position: sticky ili ubaki juu mtu anaposogeza ukurasa. Vizuri. Chini yake maelezo, kisha ramani ya Leaflet, ile maktaba ya kuchorea ramani. Mtu akifungua anaona kila kitu mahali pake. Akisogeza, ramani inapanda, inaufikia utepe, na badala ya kupita chini yake inapita juu, na kitufe kinamezwa. Wewe ukakimbilia kitufe. Kitufe hakina kosa.

Sikiliza sasa, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mtoto wa kwanza wa mji fulani, hapo nyumbani kwao ndiye mkubwa, wadogo zake wanampisha. Wakiitwa wote kwenye mkutano wa kijiji, anayehesabiwa ni baba mwenye mji, na huyo mtoto atakaa pale baba yake alipopewa nafasi. Ukubwa wake wa nyumbani hautamsogeza mbele ya mji wa jirani hata hatua moja. Basi utepe wako ndio huo mji. Kitu chochote chenye position: sticky kinafunga kundi lake: yaliyomo ndani yanapangana yenyewe kwa yenyewe, kisha kundi zima linahesabiwa nje kama kitu kimoja. Utepe hukuupa namba, kwa hiyo huko nje umehesabiwa sifuri. Kitufe chako chenye 99999 kimekuwa mkubwa wa ndani ya utepe wenye sifuri.

Na makundi haya hayafungwi na sticky peke yake, ndiyo maana watu wanateseka. Position: fixed inafunga. Relative au absolute iliyopewa namba inafunga. Transform inafunga, filter inafunga, na opacity ikishuka hata kidogo, ikawa 0.99 ambayo jicho haliwezi kuiona, nayo inafunga. Nimeona kijana mmoja akihangaika siku nzima na menyu iliyojificha, kumbe kuna mwenzake aliweka mwendo mdogo wa kupendeza kwenye sanduku la juu yake, transform imekaa humo hata baada ya mwendo kwisha. Menyu haikuguswa na mtu. Aliyebadilika ni mzazi wake.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe namba ngapi. Liwe: juu ya nani? Mtaje yule anayekufunika, umtafute kwenye zana za wasanidi za kivinjari, kisha panda kutoka kwake mzazi kwa mzazi, na panda kutoka kwako mzazi kwa mzazi, mpaka ufike pale ambapo wawili hao wanakuwa ndugu chini ya paa moja. Hapo, kwa hao ndugu wawili na si kwa watoto wao, ndipo namba inapofanya kazi.

Tufanye hivyo. Anayekufunika ni ramani. Ramani ya Leaflet, kwa jinsi alivyoitengeneza Volodymyr Agafonkin yule Mukreni mwaka 2011 na walioiendeleza baadaye, ina matabaka yake yaliyopangwa kwa akili: vigae vya picha 200, maumbo kama mipaka ya kata 400, vivuli 500, alama 600, vidirisha vya maelezo 700. Mpangilio mzuri. Lakini chombo kinachobeba ramani, ile div uliyoiandika mwenyewe, hakifungi kundi. Kina position: relative bila namba, na hiyo haitoshi. Matokeo yake tabaka kubwa la ramani linatoka nje kwenye ukurasa likiwa na 400 yake mkononi, na vile vitufe vya kukuza na kupunguza vinatoka na 1000. Vinakutana na utepe wako wenye sifuri. Unategemea nini?

Dawa ni mistari miwili, na hakuna hata mmoja unaokwenda kwenye kitufe. Kwenye chombo cha ramani andika isolation: isolate. Hiyo inalifunga kundi bila kubadilisha kitu kingine chochote. 400 na 1000 zitabaki ndani zikipangana zenyewe, na ramani nzima itahesabiwa sifuri. Usiishie hapo, maana sasa utepe ni sifuri na ramani ni sifuri, na ramani imeandikwa baadaye, bado itashinda. Kwa hiyo utepe upe z-index: 1. Moja. Kisha nenda kwenye kitufe ukafute hiyo 99999 yote, haina kazi, na atakayeirithi kazi hii atadhani ilikuwa na maana.

Naona unacheka hiyo moja. Ukurasa wako wote unahitaji namba tatu hivi: yaliyomo, utepe, na menyu inayoshuka. Ziandike mahali pamoja, kwa majina, kwenye vigeu vya CSS, ili mtu akitaka kuongeza kitu cha nne aone kwanza vitatu vilivyopo. Na lile onyo, dirisha la kumuuliza mtu kama kweli anataka kutuma taarifa, usilipe namba kabisa. Tumia dialog na uifungue kwa showModal. Kivinjari kinaichukua na kuiweka kwenye tabaka lake la juu kabisa, nje ya makundi yote, ambako z-index haifiki. Chrome inayo tangu 2014, Firefox na Safari tangu 2022. Ila zile simu za zamani zinazozunguka huku vijijini zijaribu kwanza kabla ya kuapa.

Wakati wetu tulikuwa na ubishi wa namna hiyohiyo, nakwambia ili usidhani kivinjari ndicho kilichouleta. Windows ya kwanza kabisa, ya mwaka 1985, haikuruhusu madirisha ya programu kulaliana; yalipangwa ubavu kwa ubavu, na ugomvi haukuwepo. Yaliporuhusiwa kulaliana, mwaka 1987, ndipo swali la nani juu ya nani likaanza. Nilipokuja kuandika programu za ofisi kwa Visual Basic kulikuwa na amri ya ZOrder: sifuri huleta mbele, moja hurudisha nyuma. Na watu walikuwa wanaandika ZOrder kwenye lebo, mara tatu, mara nne, na lebo haipandi juu ya kitufe. Haiwezi kupanda. Lebo na picha zilikuwa na tabaka lao la kati, vitufe na visanduku vya kuandikia vilikuwa na tabaka la mbele, na ZOrder ilipanga ndani ya tabaka tu. Amri ilitiiwa kila mara. Waliokuwa hawaelewi ni waliokuwa wanaamuru. Na kumbuka sisi tulichelewa kuzipata hizi mashine, maana mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini. Mimi simlaumu Mwalimu Nyerere kwa hilo, hela ya kigeni ilikuwa na kazi nyingine, ila kuchelewa kulitufanya tusome kitabu cha maelekezo kabla ya kugusa kibodi. Nyinyi mnagusa kwanza.

Sasa kwenye ramani yenyewe, maana huko ndiko kuna ugonjwa ambao hujauona bado. Vijiji umevichora kwa circleMarker. Jina lina neno la alama, lakini kwa Leaflet hicho ni umbo, kinakaa tabaka la 400 pamoja na mipaka ya kata, si 600 pamoja na alama za pini. Vyote viwili vinachorwa ndani ya SVG moja. Na SVG kwenye vivinjari haisikii z-index hata kidogo. Inajua zamu tu, wa mwisho kuandikwa yuko juu. Unapoita bringToFront, Leaflet haiongezi namba yoyote, inalichukua lile umbo na kulihamishia mwisho wa orodha ya wenzake. Ni hivyo tu.

Unaleta mafaili mawili, la kata na la vijiji, kila moja kwa ombi lake. Kwenye kompyuta yako faili la kata linafika kwanza, vijiji vinafuata, kila nukta inaonekana, unafurahi. Nenda Kiabakari siku mtandao umelegea. Faili la vijiji ni dogo, linawahi. La kata ni zito, lina kona maelfu, linafika mwisho. Kata zinachorwa juu ya vijiji. Umezijaza rangi ya asilimia themanini, na vijiji vya Butiama, Rorya, Tarime na Serengeti vimezama vyote. Mtumiaji akikupigia kulalamika utafungua kwako, utaona nukta zote zipo, utamwambia afute kumbukumbu za kivinjari. Atafuta, na mara hii mtandao ukiwa na nafuu vitaonekana, na nyote wawili mtaamini ni kufuta ndiko kulikosaidia. Kosa la namna hii linaweza kuishi miaka.

Najua utasema utaita bringToFront kwenye vijiji faili likishafika. Likishafika lipi? Ukiita kabla kata hazijafika umepoteza pumzi. Na hata ukiwahi, umeweka kule chini kwamba mtu akigusa kata ipande mbele ili mpaka wake ung'ae. Akigusa tu, kata hiyo inakwenda mwisho wa orodha na kuzifunika nukta zake. Utaongeza bringToFront ya vijiji baada ya kila mguso, kisha nyingine baada ya kila kukuza, na msimbo wako utakuwa umejaa amri za kurudisha vitu mahali ambapo havikupaswa kutoka.

Vipe vijiji tabaka lao. Map.createPane, lipe jina la vijiji, lipe 450. Kuanzia hapo faili lolote litangulie, lolote lichelewe, mguso wowote upite. Kata zitagombania nafasi zenyewe kwa zenyewe ndani ya 400, vijiji vitabaki juu yao. Utaratibu ukishakuwa kwenye muundo, zamu ya kufika haina madhara tena. Majina ya vijiji yakitaka tabaka lao nalo lipe, 650, na uandike pointer-events: none juu yake, la sivyo kidole cha mtu kitagusa herufi na kata iliyo chini haitajua kama imeguswa. Kitu kisichoonekana nacho hufunika. Hilo la mguso wengi hulisahau, kwa sababu macho hayaoni tatizo lolote.

Na mtumia kibodi, au mama asiyeona anayesomewa skrini na simu, yeye hahusiki na matabaka yako yote. Kwake zamu ni ile ya hati. Kitufe cha 116 kikiandikwa mwisho wa HTML kisha kikarushwa juu kwa CSS, kwa macho ni cha kwanza na kwa masikio ni cha mwisho, baada ya kata zote kutajwa. Kwako kimeandikwa mwanzo, nimeona. Kiache hapohapo.

Kwenye OpenStreetMap nako usiende kuleta ujanja huu. Kuna lebo pale inaitwa layer, na vijana wakiona ziwa limemeza ufukwe kwenye mchoro wanalipa layer ya hasi ili lirudi chini. Lebo hiyo inaeleza kinachopita juu ya kingine mahali vinapokatana, kama Daraja la Kirumi na Mto Mara: daraja lina layer 1, mto hauna haja ya kitu. Inaeleza dunia ilivyo. Haipo kwa ajili ya kumfurahisha mchoraji wa ramani, na anayeibadilisha ili picha yake ipendeze anaharibu data za mwenzake anayetafuta njia ya gari.

Limebaki moja, na hili nimelikuta mwenyewe wakati wewe umekwenda kununua vocha, na ndilo lililonifanya nikuite. Kuna tabaka umeliita taarifa, umelipa 100. Chini ya vigae, ambavyo viko 200. Nikajiuliza kwa nini mtu achore kitu chini ya picha isiyopenyeka. Nikafungua. Ni nukta za nyumba ambako imeripotiwa binti yuko hatarini kukeketwa.

Najua ulifikiri nini. Ulitaka wahusika waione wakiingia na nywila, uipandishe iwe 620, na kwa watu wengine ibaki chini, isionekane. Mjukuu wangu, kilichopangwa chini hakijafichwa. Kimeshatumwa. Kila anayefungua ukurasa huu, awe binti, awe ngariba, awe baba aliyekwisha kupokea ng'ombe, simu yake imepokea faili zima pamoja na nukta zile na majina uliyoyaandika ndani yake. Kivinjari kimezichora kwa utiifu, kisha kikachora picha juu yake. Mtoto wa kidato cha pili anajua kubofya kulia na kulisoma faili, na asiyejua atamuuliza anayejua. Mpangilio wa matabaka ni wa macho. Ulinzi unafanyika kwenye seva, ambako asiyeruhusiwa anaomba na kunyimwa, na simu yake haipokei hata nukta moja.

Sikukasirikii. Ningekasirika kama ungekuwa umeshautangaza ukurasa. Fungua lile faili la GeoJSON sasa hivi nikiona, utoe nukta zote za taarifa, si kwenye CSS, kwenye faili lenyewe, na ufute na lile tabaka la 100. Zile nukta uzirudishe kwa waliokupa, wao ndio wenye kuzitunza. Halafu usiondoke, vuta kiti, maana ulikuwa unahifadhi kazi hii kwa Git tangu mwanzo, na kwenye historia yake faili la zamani bado limo lote.